Jeraha Lisilo na Jina: Tawasifu za Wapiganaji wa Mau Mau na Suala la Kiwewe cha Vita

Utangulizi

Imekuwa desturi katika uhakiki wa maandishi ya vita kuanzia Ulaya. Mwaka 1915 daktari Charles Myers alichapisha katika jarida la The Lancet maelezo ya askari waliorudishwa kutoka mahandakini Ufaransa wakiwa wamepoteza uwezo wa kuona, kunusa au kukumbuka, ilhali miili yao haikuonyesha jeraha la kutosha kueleza hali hiyo. Mwaka 1917 washairi Siegfried Sassoon na Wilfred Owen walikutana katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, ambako maofisa wa jeshi la Uingereza waliovunjika moyo na akili walikuwa wakitibiwa. Kizazi hicho ndicho kilichotoa tawasifu mashuhuri za vita, ikiwemo ile ya Robert Graves ya mwaka 1929. Hatimaye, mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza kiwewe cha baada ya tukio katika mwongozo wake rasmi wa maradhi. Tangu hapo mhakiki anayefungua tawasifu ya askari huwa amekwisha kujua atafute nini: ndoto zinazorudi, kumbukumbu zinazovamia, usimulizi unaokatikakatika, na ukimya mahali ambapo tukio kuu lilipaswa kusimuliwa.

Msomaji aliyelelewa na uhakiki wa aina hiyo hushangaa anapozigeukia tawasifu za wapiganaji wa Mau Mau. Vitabu si haba. Josiah Mwangi Kariuki alitoa Mau Mau Detainee mwaka 1963. Karari Njama, kwa kushirikiana na Donald Barnett, alitoa Mau Mau from Within mwaka 1966. Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kwa jina la Jenerali China, alitoa "Mau Mau" General mwaka 1967. Kiboi Muriithi akafuata na War in the Forest mwaka 1971. Gucu Gikoyo na We Fought for Freedom mwaka 1979. Naye Gakaara wa Wanjaũ alichapisha shajara yake ya kizuizini, kwa Kigikuyu, mwaka 1983. Yanayosimuliwa humo ni mazito: njaa, baridi, mabomu, vipigo, vifo vya ndugu. Hata hivyo, wasimulizi hawa husema machache mno juu ya yale ambayo vita viliitenda nafsi. Husimulia walichofanya, walichofanyiwa, na kwa nini. Ni nadra wakasimulia walivyolala usiku miaka kumi baadaye.

Baadhi ya wasomaji wameuchukulia upungufu huu kuwa dosari ya kifani: kwamba waandishi hawa hawakuwa wanafasihi, au kwamba walihimizwa na uzalendo kuficha udhaifu. Makala haya yanatoa maelezo tofauti. Yanadai kuwa lugha tatu ambazo mpiganaji wa Mau Mau angeweza kuzitumia kulitaja jeraha la nafsi, yaani lugha ya tiba, lugha ya utakaso na lugha ya ungamo, zilikuwa zimetwaliwa na dola ya kikoloni kabla yeye hajashika kalamu, na zilikuwa zimetumika dhidi yake. Kwa hiyo ukimya wa tawasifu hizi hauna budi kusomwa kama tukio la kihistoria, na jeraha lenyewe kutafutwa kwa njia zake za pembeni.

Neno lenyewe linahitaji kufafanuliwa. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu hushikwa na kiwewe anapopigwa na bumbuazi kwa hofu au mshtuko wa ghafla. Baada ya muda kiwewe humtoka. Wahakiki wamelipanua neno hili libebe maana ya jeraha la nafsi linalodumu. Upanuzi huo una manufaa, ilimradi isisahaulike kwamba wazo la kudumu kwa jeraha halikuwa geni kwa wasemaji wa lugha hii. Wahenga walikwisha kusema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Lugha Tatu Zilizotwaliwa

Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi alitoa kijitabu cha J. C. Carothers kiitwacho The Psychology of Mau Mau. Carothers alikuwa amesimamia hospitali ya akili ya Mathari kwa zaidi ya mwongo mmoja, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechapisha utafiti wake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo aliilinganisha na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Katika kijitabu cha 1954 aliyaeleza maasi kuwa zao la akili zilizong'olewa katika mila bila kupata mizizi katika usasa. Ardhi iliyonyang'anywa, mishahara duni na sheria za kipande vilisukumwa pembeni. Mpiganaji alitangazwa kuwa mgonjwa kabla ya kusikilizwa.

Ulinganisho na Craiglockhart unafaa kutiliwa mkazo. Mwaka 1917 lugha ya tiba ilimkinga ofisa wa Kiingereza: Sassoon alikuwa ameupinga hadharani uendeshaji wa vita, na kupelekwa kwake hospitalini kulimwepusha na mahakama ya kijeshi. Miaka isiyozidi 40 baadaye, dola ileile iliitumia lugha hiyo kuufuta usemi wa Mwafrika, kwani malalamiko ya mgonjwa hayahitaji jawabu bali dawa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili huko Blida, Algeria, aliliona jambo hili mapema. Sura ya mwisho mwisho ya kitabu chake cha 1961, kinachojulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kwa jina Viumbe Waliolaaniwa, inamtaja Carothers na kuionyesha sayansi yake kuwa sehemu ya mfumo wa utawala. Katika sura hiyohiyo Fanon anaeleza wagonjwa wa pande zote mbili za vita vya Algeria, wateswa na watesaji. Yeye aliweza kufanya hivyo akiwa daktari. Mpiganaji wa Nyandarua hakuwa na nafasi hiyo, kwa maana kila neno lake juu ya akili iliyotikisika lingeingia moja kwa moja katika jalada la Carothers.

Lugha ya pili ni ya utakaso. Utamaduni wa Agikuyu ulikuwa na dhana ya thahu, yaani unajisi unaompata mtu kwa kugusa maiti, kumwaga damu au kuvunja mwiko, na ulikuwa na mganga wa kuuondoa. Kwa maneno mengine, jamii ilikuwa na namna yake ya kukiri kwamba tendo la kuua humwachia mwuaji mzigo, na ilikuwa na ibada ya kumtua mzigo huo. Serikali ya kikoloni iliigeuza elimu hiyo kuwa mbinu. Tangu mwanzo wa Hali ya Hatari iligharimia sherehe za kutangua kiapo, kwa kutumia waganga na jiwe la githathi, ili watu watakaswe Mau Mau. Kutakaswa kukawa na maana moja tu: kuukana upande wako. Mpiganaji aliyehisi kwamba damu imemlemea angemwendea nani, ikiwa njia ya mganga nayo ilipitia kwa mkuu wa wilaya?

Lugha ya tatu, iliyo nzito kuliko zote kwa mhakiki wa tawasifu, ni ya ungamo. Mfumo wa makambi ya kizuizini ulijengwa juu ya kuungama. Wazuiliwa waligawanywa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kulingana na kiasi walichokuwa tayari kukiri. Aliyekiri kiapo chake, akataja waliomlisha na aliokula nao, alisogezwa kambi moja karibu na kwao; aliyekataa alirudishwa nyuma, akapigwa, akafanyishwa kazi ngumu. Kilele cha mfumo huu kilikuwa Hola, tarehe 3 Machi 1959, ambako wazuiliwa 11 walipigwa hadi kufa. Kwa maelfu ya Wakenya wa kizazi hicho, kuyasimulia maisha yako kwa nafsi ya kwanza, kuanzia utotoni hadi kiapo, mbele ya mtu anayeandika, kulikuwa tendo lililotangulia kujulikana katika chumba cha mahojiano. Tawasifu, utanzu ambao huko Ulaya ulikua kutokana na maungamo ya kidini, iliwafikia wao ikiwa na harufu ya kambi.

Masimulizi ya Kwanza na ya Pili

Hakuna anayeonyesha jambo hili waziwazi kama Itote. Alizaliwa Nyeri mwaka 1922, akajiunga na King's African Rifles mwaka 1942, akapelekwa Burma. Mwezi Januari 1954 alikamatwa akiwa na jeraha la risasi kooni. Mhojaji wake mkuu alikuwa Ian Henderson wa polisi, na mahojiano hayo yalichukua saa 68. Matokeo yake yalikuwa waraka mrefu wa kijasusi juu ya muundo wa jeshi la Mlima Kenya. Huo ndio usimulizi wa kwanza wa maisha ya Jenerali China, nao haukuandikwa naye. Alihukumiwa kifo, akasamehewa baada ya kukubali kuwa mpatanishi katika mazungumzo ya kuwaomba wenzake wajisalimishe, mazungumzo ambayo hayakufaulu. Alizuiliwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta.

Kitabu cha 1967, basi, ni usimulizi wa pili, na kinauzungumzia ule wa kwanza bila kukoma. Itote anasimulia kama mtu aliye kizimbani: anataja idadi ya wapiganaji, vyeo, kanuni za nidhamu, mipango ya mashambulizi, anawataja waliokufa kwa majina. Sura za Burma zinaelekea upande huohuo. Kinachosisitizwa hapo ni elimu ya kisiasa, hasa mazungumzo yake na askari Mwingereza na askari Mmarekani mweusi waliomfanya ajiulize anampigania nani. Alichokiona katika misitu ya Burma kama binadamu, maiti za wenziwe, hofu ya kuvamiwa usiku, kinatajwa kwa kupita. Mhakiki wa Kimagharibi angesema hapa pana ukandamizaji wa kumbukumbu. Yaelekea ni sahihi zaidi kusema kuwa pana mgawanyo wa makusudi: yale yaliyomjenga mpiganaji yameandikwa, na yale yaliyombomoa yamewekwa mbali na macho ya msomaji aliyewahi kuwa mhojaji.

Jambo jingine la kifani ni kwamba nyingi za tawasifu hizi ni kazi za watu wawili. Barnett alimhoji Njama na kupachika uchambuzi wake wa kianthropolojia kati ya sura. Muriithi aliandika na Peter Ndoria. Henry Kahinga Wachanga alihaririwa na Robert Whittier katika The Swords of Kirinyaga ya 1975. Wasimulizi watatu wengine, Karigo Muchai, Ngugi Kabiro na Mohamed Mathu, walirekodiwa na Barnett huyohuyo, na vitabu vyao kuchapishwa Kanada mwaka 1973 na 1974. Barnett alitaka kuthibitisha kwamba Mau Mau yalikuwa mapinduzi ya wakulima yenye mpango na mantiki, dhidi ya nadharia ya wazimu. Nia hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa na gharama. Sikio linalotafuta muundo husikia muundo. Pale ambapo mkoloni alisema mpiganaji ni mgonjwa, mwandani wake alimsaidia kujibu kwamba ni mzima kabisa. Na kati ya shutuma na jibu hilo hakikubaki kipenyo cha mtu mzima wa akili ambaye ameumizwa.

Njia za Pembeni

Jeraha lisilo na jina halikosi kusema. Katika tawasifu hizi husema kwa njia tatu angalau.

Njia ya kwanza ni ubadilishaji wa nafsi ya msimulizi. Katika vitabu vingi vya kundi hili, nafsi ya kwanza umoja hutawala utoto, shule, ajira na ulaji wa kiapo. Mara mapigano yanapoanza, umoja huelekea kuyeyukia katika wingi: tulijificha, tulishambuliwa, tulizika. Wingi huu una sababu ya kisiasa, kwa kuwa vita vilikuwa vya umma. Lakini pia ni kimbilio. Msimulizi anayesema "tuliua" amegawana uzito wa tendo na wenzake, kama vile ibada ya utakaso ingemgawia jamii nzima mzigo wa mmoja. Pale ambapo mganga hakupatikana, sarufi ilifanya sehemu ya kazi yake.

Njia ya pili ni ile ya ndoto, utabiri na wanyama. Njama alikuwa mwalimu aliyepitia Alliance High School, na msituni akawa karani na mshauri wa Dedan Kimathi. Msimulizi huyu msomi anatumia kurasa nyingi kuwaeleza waonaji waliofuatana na vikosi, maonyo waliyoyapata usingizini, miiko iliyozuka juu ya wanyama wa msituni, na jinsi wapiganaji walivyojifunza kusoma milio ya ndege na mienendo ya wanyama kama dalili za adui. Wachambuzi wa kisiasa huzipitia kurasa hizi haraka wakiziona kuwa mabaki ya ushirikina. Zikisomwa pamoja na zile zinazosimulia ndege za Lincoln za jeshi la anga la Uingereza zikimimina mabomu juu ya Nyandarua, zinapata maana nyingine. Hapo ndipo hofu ilipopata msamiati. Mtu ambaye masikio yake hayawezi kupumzika, anayeamka kwa mlio wa ndege, anayetafuta katika ndoto sababu ya kuhama kambi usiku huohuo, anaeleza kwa usahihi mkubwa hali ambayo mwongozo wa 1980 ungeiita kwa jina la kitabibu. Njama anaieleza kama maarifa ya kuishi, na hana haja ya kuomba radhi kwa hilo. Ugomvi kati ya kundi la Kimathi na lile la Stanley Mathenge mwaka 1955, anaousimulia kwa uchungu, nao unaonyesha jinsi shaka ilivyoenea katika jeshi lililochoka, hadi kila upande ukahofia usaliti wa mwingine.

Njia ya tatu ni utaratibu. Kariuki, aliyepita katika makambi 14, hakupigana msituni, lakini kitabu chake kinasaidia kusoma vya wapiganaji. Anasimulia vipigo bila kupandisha sauti. Nguvu yake anaielekeza kwenye kanuni ambazo wazuiliwa walijiwekea, madarasa waliyoyaendesha, na barua walizozitorosha kwenda kwa wakubwa wa Uingereza. Gakaara naye katika shajara yake anaorodhesha siku, majina, vyakula na mabishano. Orodha hizi zinaweza kumchosha msomaji anayetafuta kilele cha kihisia. Hata hivyo ndizo zilizomhifadhi mwandishi asisambaratike katika mahali palipokusudiwa kumsambaratisha. Isitoshe, Gakaara anathubutu kuyagusa ambayo wengi waliyakwepa: jinsi mtu alivyoweza kulegea, na jinsi yeye mwenyewe alivyoandika tamthilia chini ya mpango wa urekebishaji kambini Athi River. Si sadfa kwamba kitabu kinachokaribia zaidi kukiri udhaifu kiliandikwa kwa lugha ya mama, kwa wasomaji waliokuwa na majeraha yaleyale. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Ugonjwa Baada ya Uhuru

Ingetarajiwa kwamba uhuru wa 1963 ungezirudisha lugha zilizotwaliwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1962, katika hotuba iliyochapishwa baadaye katika Suffering Without Bitterness ya mwaka 1968, Kenyatta alizungumza juu ya Mau Mau kama maradhi yaliyokwisha kung'olewa na yasiyostahili kukumbukwa tena. Sitiari ya Carothers ilikuwa imevuka mpaka wa ukoloni bila pasi. Marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau mwaka 1950 nayo ilidumu hadi mwaka 2003. Tawasifu zilizotajwa hapo juu, zote, ziliandikwa juu ya chama kilichokuwa bado haramu kisheria.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na suala la ardhi. Mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa mpango wa mikopo na ununuzi. Asiye na akiba, na mpiganaji aliyetoka msituni au kizuizini hakuwa nayo, aliachwa nje. Bildad Kaggia, aliyekuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia na mfungwa wa Kapenguria, aligombana na serikali aliyoitumikia juu ya jambo hilo, akatoka serikalini mwaka 1964. Kariuki, aliyekuwa mtetezi wa wasio na ardhi, aliuawa mwezi Machi 1975. Katika mazingira hayo tawasifu ilikuwa pia hati ya madai. Mwandishi alihitaji kuonyesha kwamba alipigana, kwa cheo gani, wapi, pamoja na nani, kwa maana majirani waliokuwa homugadi ndio waliokuwa wameshika mashamba. Hati ya madai haina mahali pa kuandika kwamba mdai hulia usiku. Kwa mpiganaji, jeraha na shamba vilikuwa kitu kimoja: alichokiita uchungu kilikuwa na mipaka, vigingi na jina la mtu mwingine katika daftari la ardhi. Nadharia ya kiwewe inayomtazama mtu peke yake na kumbukumbu zake inaweza kulipita jambo hili bila kuliona.

Kazi ambayo tawasifu haikuweza kuifanya ilifanywa na bunilizi. Mwaka uleule wa 1967 ambao Itote alichapisha kitabu chake, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa A Grain of Wheat, ambamo kila mhusika mkuu ana jambo la kuungama na ungamo la Mugo mbele ya umma ndilo kilele. Riwaya iliweza kulirudisha ungamo kwa wenyewe kwa kuwa mhusika wa kubuni hawezi kuhojiwa na polisi wala kunyimwa shamba. Katika Kiswahili, Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi ilitoka mwaka 1969, na Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo ya mwaka 1976, ikafuata mwaka 1978. Anwani ya Kareithi peke yake inakumbusha kwamba Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alizikwa katika kaburi lisilowekwa alama. Kuomboleza kunataka mahali pa kusimama, na kwa familia nyingi mahali hapo hapakuwepo.

Kutoka Tawasifu hadi Ushahidi

Mabadiliko yalianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1998 Wambui Waiyaki Otieno alichapisha Mau Mau's Daughter, akisaidiwa na mhariri Cora Ann Presley. Humo alieleza, kwa jina lake mwenyewe, kwamba alibakwa na ofisa wa kikoloni alipokuwa kizuizini Lamu. Wanaume walioandika kabla yake walikuwa wametaja mateso ya wanawake kama ushahidi wa ukatili wa adui. Yeye aliyasema kama jambo lililompata na kuendelea kuishi naye. Ni vigumu kuusoma ukurasa huo bila kuhisi ni mengi kiasi gani hayakuandikwa katika vitabu vilivyotangulia.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kisheria. Mwaka 2009 Wakenya watano walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London. Maamuzi ya 2011 na 2012 yaliiruhusu iendelee, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inasikitikia yaliyotendeka na ingelipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 2015. Kwa mara ya kwanza wazee hawa walisimulia miili yao mbele ya dola ileile iliyowahoji, na safari hii waliitwa mashahidi. Ungamo liligeuka ushahidi: aliyepaswa kukiri alikuwa upande wa pili wa meza.

Hata hivyo sheria nayo ilikuwa na mipaka yake. Katika kesi nyingine iliyohusu wadai zaidi ya 40,000, mahakama hiyo iliamua mwaka 2018 kwamba hofu peke yake haihesabiki kuwa jeraha la mwili kwa maana ya sheria ya ukomo wa madai, na mwaka huohuo kesi ikatupwa. Yaani kovu la mgongoni lingeweza kupata bei, lakini miaka ya kuishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki, kwa hofu ya kila usiku, haikuweza. Jeraha lisilo na jina liligonga mlango tena, likakuta halina fungu katika kitabu cha sheria.

Pembeni mwa vitabu na mahakama, baadhi ya wapiganaji walikuwa wakiandika kwa njia nyingine. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa msituni na ambaye hakutoka hadi uhuru ulipopatikana, alizihifadhi nywele zake za msituni kwa miongo mingi. Zilinyolewa mwaka 2022, naye akafariki mwaka 2023. Zilikuwa kumbukumbu isiyohitaji mhariri, na isiyoweza kupotoshwa na mfasiri.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uhaba wa lugha ya kiwewe katika tawasifu za Mau Mau hauwezi kuelezwa kwa udhaifu wa waandishi wala kwa uzalendo wao peke yake. Tiba, utakaso na ungamo vilikuwa vimetumika kama zana za utawala. Uhuru ukairithi sitiari ya maradhi. Na haja ya ardhi ikaifanya tawasifu kuwa hati ya madai. Ndani ya mipaka hiyo waandishi walitafuta njia: nafsi ya wingi iliyogawana mzigo, ndoto na wanyama waliobeba hofu, na orodha zilizoishikilia akili isianguke.

Kwa uhakiki wa fasihi nchini, yapo mambo mawili yanayofuata. La kwanza ni kwamba kanuni za usomaji zilizotokana na mahandaki ya Ufaransa na misitu ya Vietnam zisichukuliwe kama mizani ya kupimia ukweli wa kila askari aliyeandika. Askari anayesema kwa umoja juu ya ndoto zake hana jeraha kubwa kuliko yule anayesema kwa wingi juu ya njaa. La pili ni la dharura zaidi. Wengi wa wapiganaji hao wamekwisha kufa, na waliobaki ni wakongwe. Masimulizi yao mengi yamo katika kanda na majalada ya kisheria, yakiwa yamechukuliwa kwa Kigikuyu, Kimeru na Kiembu, kisha kufasiriwa kwa Kiingereza ili yakidhi maswali ya wakili. Yakisomwa na mwanasheria, hutafutwa tarehe na majina. Yanamngoja msomaji atakayeuliza kwa nini shahidi, alipofika mahali fulani katika maelezo yake, aliacha kusema "mimi" akaanza kusema "sisi".